Chiriku Atampita Profesa

Jumapili, 4 Mei

Nimerudi kutoka kwa mama mkwe na taya linaniuma. Linauma kwa kutabasamu.

Chakula kilikuwa hakijapoa Wifi akaanza. Wifi, dada wa mume wangu, muuza mapazia. Hawezi kuketi mahali bila kumtandaza mwanawe mbele za watu kama kitambaa kipya. Akamwambia asimame amwonyeshe bibi yake jedwali la kuzidisha la kumi na mbili. Kijana akasimama. Akalishusha lote, kisha akalipandisha kinyumenyume. Ukoo mzima unamwita Profesa. Profesa! Na viatu bado anafungwa kamba na mama yake!

Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, akamgeukia binti yangu. Watoto wako darasa moja, la nne, kwa hiyo swali lilikuwa halali. Saba mara nane, mjukuu wangu?

Binti yangu tunamwita Chiriku kwa sababu huanza kuongea kabla hajafumbua macho. Ila ukimtajia hesabu, sauti yote inamkauka. Alitazama sahani. Akanitazama mimi. Akasema kumi na tano. Nikamkazia macho. Akasema thelathini. Nikayakaza zaidi. Akasema mia.

Watu wakacheka. Wifi hakucheka, na hapo ndipo aliponichoma. Alimpapasa kichwa akasema kwa upole kwamba kila mtoto ana kipawa chake, na huyu huenda akawa hodari wa kusuka nywele kama mama yake.

Hodari wa kusuka! Nina saluni yangu mwenyewe, ina kiti kinachozunguka!

Mtihani ni Ijumaa ya tarehe 16. Uliopita Chiriku alipata kumi na nne kati ya hamsini. Naandika hapa na natia sahihi: Chiriku atampita Profesa. Au wafungane. Kufungana nitavumilia.

Jumatatu, 5 Mei

Kazi imeanza. Nimebandika jedwali la kuzidisha kwenye friji, kwenye mlango wa choo, juu ya kitanda chake. Pale saluni nimeliandika kwenye kioo kikubwa kwa rangi ya mdomo, ili akija kutoka shule alione. Hadi mchana wateja watatu wakawa wamelalamika kwamba hawaoni nywele zao. Wa nne alisema sita mara tisa si hamsini na mbili. Nimemwambia rangi ya mdomo inateleza.

Jioni nikamfundisha mwenyewe. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipoanza.

Ukimuuliza swali, hafikiri. Anarusha namba. Unasema hapana, anarusha nyingine. Unasema hapana kwa sauti, anarusha mbili kwa pamoja. Kichwa kiliniwaka moto. Nilimuuliza anachokwenda kufanya shuleni kila siku. Nilimuuliza kama sare yake inakwenda yenyewe. Jirani akafunga dirisha. Mtoto akasema tumbo linamuuma.

Baba Chiriku, ambaye anatengeneza mageti siku nzima kwenye kelele za vyuma na labda ndiyo maana akirudi nyumbani anaongea kama anaogopa kumwamsha mtu, akasema huenda ningemuuliza polepole. Nikamwambia sufuria zinamsubiri.

Jumatano, 7 Mei

Usiku wa kuamkia jana nilipata wazo zuri mno. Wimbo!

Nimejirekodi kwenye simu nikiimba jedwali la sita, la saba na la nane. Jana asubuhi nikamwekea akiwa bado kitandani. Wakati wa chai, tena. Wakati wa kuoga, tena. Leo ameshaushika wote. Nikamwita mbele ya wateja nikamuuliza saba mara nane. Akafumba macho, akaanza kuimba tangu saba mara moja. Mteja aliyekuwa kwenye mashine ya kukausha nywele akapiga makofi kufuata mdundo. Chiriku akafika saba mara nane, akapitiliza, akaimba mpaka mwisho, akainama kushukuru.

Nikamwambia nataka nane tu, si wimbo mzima. Akasema nane yenyewe haijui inapokaa, mpaka aianzie nyumbani kwao.

Nilitaka kulia. Badala yake nilikwenda dukani kwa Wifi kupeleleza. Lazima kuna kitu anamlisha yule mtoto. Nikajifanya mnunuzi wa pazia. Nikauliza kijuujuu Profesa anasoma saa ngapi, anakula nini asubuhi, ana mwalimu wa nyumbani au hana. Wifi akajibu kila swali kwa kunionyesha kitambaa. Anajua! Ananijua kabisa! Nikatoka pale na pazia la sebuleni ambalo sikulihitaji, nimetoa vipimo kutoka kichwani.

Limepunguka kiganja kizima. Nimempigia Wifi nikamwambia amelikata vibaya. Amesema amekata alichoambiwa. Nimekuwa wa kwanza kukata simu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda shule. Sikuomba, nimekwenda tu.

Mwalimu wa hesabu ni binti mdogo, mpole, wa kusema naam. Nilimweleza matakwa yangu. Kwanza, ule mtihani wa mwanzo usahihishwe upya. Pili, Chiriku ahamishwe akae dawati moja na Profesa. Alitaka kujua kuhusu hilo la pili, kwa nini hasa. Nikasema ushirikiano wa kifamilia. Akasema wakati wa mtihani kila mtoto anakaa peke yake. Nikasema basi dawati la nyuma yake, kwa kuegemea kidogo upande. Mwalimu akafunga kalamu yake.

Alisema kwa upole kwamba Chiriku hana tatizo la akili, ana tatizo la haraka. Ndiye wa kwanza darasani kurudisha karatasi. Nikasema hiyo si sifa? Akasema hapana, mama, kwa sababu ndani yake hamna alichofikiri.

Nilipandwa na mori. Nilisimama niseme maneno ya kukumbukwa. Hapo hapo nikaona nywele zake. Misuko imechakaa, kwenye paji la uso nywele zimeanza kujichomoza. Hasira ikanishuka kama maji. Nikamkaribisha saluni kesho, nimsuke bure, kwa heshima ya kazi kubwa anayoifanya.

Bure amekataa. Atalipa kama wateja wengine. Kiburi! Lakini anakuja.

Jumamosi, 10 Mei



Mwalimu alikuja asubuhi. Nikamkalisha kwenye kiti kinachozunguka. Nikamsuka upande wote wa kushoto, misuko midogo, imenyooka, kazi ya kupigiwa picha. Halafu nikaweka kitana chini. Nikamwambia nina swali dogo tu, kuhusu yatakayokuwemo kwenye mtihani.

Akasema hawezi.

Nikasema basi vidole vimechoka. Nikaenda kujitengenezea chai. Nikainywa taratibu. Saluni ilijaa. Wateja walimtazama mwalimu mwenye nusu kichwa kilichosukwa na nusu iliyosimama kama imesikia habari mbaya. Nilijua hatavumilia. Nani angetoka nje vile?

Hakutoka. Wala hakuomba. Alimwita Chiriku, aliyekuwa anafagia huku akimsimulia ufagio, akamkalisha kwenye kigoda. Akammwagia mapajani vibanio vya nywele vilivyokuwa kwenye sinia, akamwambia ni thelathini na sita, avigawe sawasawa kwenye vikopo vinne vya mafuta. Kila kikopo kitapata vingapi? Chiriku akafungua mdomo arushe namba. Mwalimu akainua kidole. Akasema, sitaki jibu, nataka uniambie utafanyaje.

Chiriku akatulia. Akaanza kugawa, kimoja kimoja, midomo ikicheza. Mimi nikiwa na kikombe changu sikuweza kuvumilia ule ukimya. Nikapaza sauti kutoka nyuma: nane!

Chiriku akasema nane.

Vilikuwa tisa.

Mwalimu akanigeukia, nusu ya kichwa chake ikinitazama vizuri na nusu vibaya, akaniambia maneno ambayo nimeshindwa kuyatoa kichwani tangu asubuhi.

"Mama, mwanao hatafuti jibu. Anatafuta namba itakayokunyamazisha wewe. Na hata usipokuwepo, darasani, bado anakusikia."

Sikujibu. Mimi! Sikujibu! Nikarudi kwenye kitana nikamsuka upande wa kulia. Nimemsuka kwa nguvu. Alipotoka nyusi moja ilikuwa juu kuliko mwenzake. Alilipa, akashukuru.

Jumapili, 11 Mei

Anakusikia. Eti anakusikia. Mtoto asimsikie mama yake amsikie nani?

Nilimweleza Baba Chiriku yote, nikitegemea ataungana nami. Aliendelea kumenya chungwa. Akasema mwalimu ana macho. Kisha akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane. Aliniomba nitoke nje.

Nyumba yangu mwenyewe! Nimekaa barazani kama mgeni aliyekuja na habari za msiba! Nikasogeza kigoda chini ya dirisha, si kwa kupeleleza, ni kwa ajili ya kivuli.

Walikuwa mezani na vibanio vya kuanikia nguo. Mume wangu alisema kuna vibanio arobaini na vitatu na watoto wanne. Halafu akanyamaza. Yule mtu anajua kunyamaza. Nikasikia vibanio vikigonga meza, vikigonga meza. Nikauma kanga yangu. Baadaye sauti ya Chiriku, ndogo, kisha ikakua. Akasema amempa kila mtoto kumi kwanza kwa sababu kumi ni rahisi, sasa vimebaki vitatu, na hivi vitatu haviwezi kugawika kwa watoto wanne mpaka baba avivunje, na baba asivivunje kwa sababu mama atagomba.

Baba yake akamuuliza amejuaje kwamba ni kumi. Akaeleza tena. Akaeleza kwa kirefu, kama anavyoeleza ndoto zake. Sikuwahi kumsikia mwanangu akizungumza ndani ya hesabu.

Halafu nikasimama nikapiga kelele dirishani: ndiyo! Ndiyo, mwanangu!

Aliruka. Vibanio vyote chini. Akasema hapana, samahani, ni kumi na mbili.

Baba Chiriku alinitazama kupitia nondo za dirisha. Amefunga pazia. Hata hivyo pazia halifiki chini, na niliona miguu yao wakiokota vibanio.

Jumanne, 13 Mei

Nimekubali kujaribu huo ukimya wao. Ili waone kwamba haufanyi kazi.

Tatizo ni mdomo. Mdomo wangu unaanza kazi kabla yangu. Kwa hiyo nikabuni njia: nikajaza maji mdomoni. Ukiwa na maji mdomoni huwezi kusema nane.

Tukakaa mezani, mimi na mashavu yangu, Chiriku na daftari lake. Akaninong'oneza, kama anauliza kwenye wodi, mama unaumwa jino? Nikatikisa kichwa. Akafanya hesabu ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu akakwama. Nilimwona akikosea kukopa kwenye makumi, pale pale mbele yangu, mchana kweupe! Macho yalinitoka. Nikapiga meza. Nikaelekeza kwa nyusi. Nikaelekeza kwa kidevu. Yeye akarudi nyuma mwenyewe, akafuta, akaandika tena, akapata. Nilishtuka kiasi kwamba nikameza nusu, na nusu nyingine ikatoka kwa pua, juu ya daftari.

Chiriku akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nikakumbuka kwamba tangu aanze darasa la nne sijamsikia akicheka daftari la hesabu likiwa wazi.

Tulipokuwa tunafuta meza akaniambia, bila kunitazama, "Mama, ukinyamaza naziona."

Nikamuuliza anaona nini.

"Namba. Zinakaa. Ukiongea zinakimbia."

Nimejifanya naenda kuangalia jiko. Jiko lilikuwa limezimwa.

Ijumaa, 16 Mei

Siku ya mtihani. Nimefunga saluni. Nimewaambia wateja nina miadi.

Nilikwenda kwenye uzio wa shule, upande wa madirisha ya darasa la nne. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka tu Chiriku akiinua macho aone uso wa mama yake. Na vidole, kama vingehitajika. Nikainama nyuma ya michongoma, nikapenya kama mwizi wa kuku, miiba ikanishika kilemba. Nikasogea mpaka kwenye tangi la maji.

Nyuma ya tangi kulikuwa na mtu. Amechuchumaa, kiatu kimoja kilichokatika kisigino mkononi, midomo inacheza: kumi na mbili mara sita, kumi na mbili mara saba.

Wifi.

Tulitazamana. Mimi nikasema nimekuja kutafuta kuku wangu. Yeye akasema anapima dirisha la ofisi ya mwalimu mkuu, wanataka pazia. Tukakubaliana hivyo. Kisha mlinzi akatutoa wote wawili, akitusukuma kwa maneno kama mbuzi, na watoto wa darasa la kwanza wakatuona.

Tukatembea mpaka barabarani bila kusema. Nilikuwa nimeshapanga kichwani la kumwambia, la kumkata maini. Nikageuka, nikaona machozi yanamtoka. Akaniambia Profesa alitapika asubuhi. Hutapika kila siku ya mtihani. Usiku anasema majedwali usingizini, na akikosea anaamka analia. Jana alimwambia anatamani augue homa, homa ya kweli, asije shule.

"Wifi, mwenzio sijui nimefanya nini," alisema. "Nilitaka tu asichekwe."

Nilimshika mkono. Kweli, nilimshika. Tukasimama pale, kilemba changu kimechanika, yeye na kiatu chake mkononi. Nikamwambia na mimi ni hivyo hivyo. Akaniomba nisimwambie mtu. Nikaapa.

Nimerudi nyumbani nimechoka vizuri. Chiriku amerudi hana jipya. Amesema alikuwa wa mwisho kurudisha karatasi. Nimejaza mdomo maji haraka.

Jumatano, 21 Mei

Matokeo!

Chiriku: thelathini na moja kati ya hamsini. Kutoka kumi na nne! Profesa: arobaini na nne, na mwanzo alikuwa na arobaini na tisa!

Mwalimu ameandika chini kwa kalamu nyekundu neno moja: Amefikiri. Chiriku hakunionyesha hata alama. Alinionyesha swali alilokosa, akanieleza kwa nini amelikosa, wapi alipotea na angepita wapi. Alieleza tangu mlangoni mpaka jikoni. Baba yake alimbeba mabegani akamgonga kichwa kwenye fremu ya mlango, wote wawili wakacheka. Sijaona nyumba hii ikiwa na furaha ya namna hii.

Nikakaa pembeni nikapiga hesabu. Amepanda alama kumi na saba kwa mtihani mmoja. Mtihani ujao atakuwa na arobaini na nane. Wa baada ya huo, sitini na tano. Baba Chiriku ameuliza sitini na tano kati ya hamsini ni ngapi. Nimemwambia watu wasioamini ndio wanaorudisha familia nyuma.

Amesema ushindi huu ni wa Chiriku, na wa ule ukimya. Nimemwacha aseme. Mwenye macho anajua: ni wimbo. Ni kile kioo cha saluni. Na jitihada zangu pale uzioni, mtoto huwa anahisi.

Sasa mipango. Nimesikia kuna shindano la hesabu la shule zote za mtaa, mbele ya wazazi, kwa kipaza sauti. Nimeshamwandikisha Chiriku leo mchana. Nimemwandikisha kundi la darasa la tano, kwa kuwa haya ya la nne tumeyamaliza. Profesa hayumo. Wifi amesema anampumzisha. Anampumzisha! Jumapili kwa mama mkwe nitalitaja hilo, kwa upole tu, pamoja na habari ya kutapika. Niliapa kutomwambia mtu mmoja. Pale mezani tutakuwa wengi.

Baba Chiriku hajui habari ya shindano. Chiriku naye bado. Nitawaambia vizuri, wakishakula. Kule wanataka jibu papo kwa papo, kwa hiyo nimepitia dukani nikanunua kengele ya mezani, ile ya mapokezi, unaipiga kwa kiganja. Atakuwa na pumzi tatu kwa kila swali, kisha nagonga.

Nimeijaribu mara moja tu, hapa mezani. Ina sauti kali sana. Chiriku, aliyekuwa jikoni anamsimulia baba yake jambo refu, amenyamaza hapo hapo katikati ya neno.

Safi. Ameshaanza kuwa makini.